Kazi ya Kufumua

Mlango ukafunguka, na mtu wa kwanza kuinua uso ndani ya chumba kile alikuwa mumewe.

Ndiyo, msomaji. Huyo huyo. Baba wa binti yake, mwanamume anayetoka nyumbani kila alfajiri akisema anawahi stoo. Wewe uliyeniandikia ukishikilia kwamba nyuma ya mlango ule kuna mali ya magendo, pole sana. Magendo yangekuwa afadhali.

Na wewe ambaye gazeti lako la wiki jana lilifungiwa sabuni dukani, sogea nikupe kwa ufupi. Bi Mkasi, tunayemwita hivyo kwa sababu ya mkasi unaoning'inia shingoni mwake kwa kamba, ni fundi cherehani kwenye Mradi wa Ajira. Anashona magauni ya shule. Vipande vinamfikia vikiwa vimeshakatwa, yeye anaunga, anapeleka kwa wa pasi, basi. Wiki jana akapewa kipande kinachoitwa kipya, kumbe kina vitundu vya sindano, na vitundu vile vilichora pembetatu ndogo pale mfuko unapokaa. Pembetatu ya kuzuia mfuko usichanike anaishona mtu mmoja tu kiwanda kizima, naye ni yeye, alivyofundishwa na marehemu mama yake. Akaamua kuufuata mkokoteni wa magauni yaliyokwisha kupigwa pasi. Mkokoteni haukwenda getini. Ulikata kona nyuma ya choo, ukaishia kwenye mlango huu.

Sasa tuingie naye.

Meza moja ndefu, watu pande zote mbili, wanaume kwa wanawake, vichwa chini. Kila mmoja ana wembe mkononi na gauni la shule mapajani. Hakuna aliyekuwa anaongea. Sakafuni uzi mweupe umejaa mpaka umefunika vidole vya miguu.

"Baba watoto," akasema Bi Mkasi. "Mnafanya nini?"

"Funga mlango kwanza."

"Nimekuuliza mnafanya nini."

"Si unaona? Tunafumua. Funga mlango, mama."

Akaufunga. Mpaka leo hajui kwa nini alitii.

Karibu na mlango palikuwa na benchi, na juu yake rundo la magauni. Akalivamia. Gauni la kwanza, akageuza mfuko: pembetatu. La pili: pembetatu. La tatu lilikuwa la mtu mwingine. La nne, pembetatu. Akaendelea hivyo mpaka chini kabisa. Na kwa kuwa mikono ya fundi huwa haisubiri hasira za mwenyewe zipite, kila gauni alilolikagua alilikunja vizuri, akalirudisha kwenye benchi ukosi ukitazama nje, kama wanavyopanga kule kwao chumba cha kushonea.

Liweke akilini hilo la ukosi, msomaji. Nitalirudia, na hutafurahi.

"Stoo," akasema. "Uliniambia uko stoo. Unafungua makasha."

"Kitambulisho kimeandikwa Idara ya Malighafi. Nikaona stoo ni rahisi kueleza."

"Na hivyo vidole? Si ulisema ni misumari ya makasha?"

Mumewe akavitazama vidole vyake. Vimechanika kwenye ncha, vimeshupaa, viwili vimefungwa kitambaa.

"Ni mshono wako," akasema.

Kutoka mwisho wa meza mwanamke mmoja akacheka kicheko cha puani. Kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa kikawa kinene kama mshumaa. "Kumbe ni wewe? Humu tunakuita Mama Pembetatu. Dada, umetutesa. Wenzako wanashona tunafumua huku tunapiga soga. Likija lako, chumba kizima kinanyamaza."

Hakuna aliyecheka naye.

"Ulijua ni mimi," Bi Mkasi akamwambia mumewe.

"Tangu wiki ya pili. Nani mwingine anashona mfuko kama anafungia jini?"

"Na ukakaa kimya."

"Siku ile ulirudi nyumbani unaimba. Ukaniambia, baba watoto, magauni yangu watoto watayavaa mpaka wadogo zao wayarithi. Sasa mimi ningeanzia wapi? Nikwambie hayafiki hata getini?"

"Kila jioni nakupaka mafuta vidole hivyo."

"Ndiyo."

"Vidole nilivyoviumiza mwenyewe mchana."

"Ndiyo, mama."

Nina umri wa kutosha, nimeona wanandoa wakifumaniana kwa mengi. Wapo waliofumaniwa na wapenzi, wapo waliofumaniwa na madeni. Lakini mwanamke kumfumania mume wake akiwa kazini, kazi yenyewe ya halali, ana kitambulisho kifuani, halafu moyo ukamuuma kuliko kama angemkuta na mwanamke mwingine, hilo sikuwahi kuliandika. Nimelazimika kuliandika sasa.

Maana kulikuwa na la zaidi. Nyumbani kuna binti wa darasa la tano. Gauni lake la shule ni lile la kwenye mabelo, marobota ya nguo za kutoka nje, la bei ya kutupa, linaloachia ubavuni kabla muhula haujaisha. Mama yake amelishona, amelirudia, amelitia kiraka juu ya kiraka, mpaka kitambaa chenyewe kikakataa sindano. Mtoto amejifunza kutembea mikono imebana mbavu ili tobo lisionekane. Darasani hanyooshi mkono hata kama jibu analijua. Na mama mtu, anayeshona magauni ya shule kutwa nzima, hajawahi kurudi nyumbani hata na kipande cha kufutia vumbi. Wanapekuliwa getini, mpaka kwenye nywele.

Kila alipopekuliwa alijifariji kwamba angalau watoto wa watu wengine wanavaa. Sasa faraja ile ilikuwa mezani pale, inachanwa kwa wembe.

Mlango ukasukumwa kutoka nje.

Akaingia Meneja. Jina lake la kweli lipo, ila wafanyakazi wanamwita Bwana Mipango kwa sababu hawezi kuagiza hata chai bila kusema "kwenye mipango yetu". Siku hiyo alikuwa amevaa tai mpya, kwa kuwa wageni wenye pesa zao walikuwa njiani. Alipomwona Bi Mkasi, tai ikaonekana kumbana.

"Nani amekuruhusu kuingia huku?"

"Magauni yangu yameniita."

"Kaa chini, dada yangu."

"Mwaka mzima nimekaa. Leo niache nisimame."

Bwana Mipango akavuta pumzi. Nilitaka sana kumchora mtu huyu akiwa mwovu, msomaji, ingenirahisishia kazi. Lakini hakuwa na gari la kifahari wala nyumba ndogo. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala.

"Nitakwambia kwa sababu wewe ni mtu mzima," akasema. "Tulipoanza tulikuwa na kitambaa cha kutosha. Shule zikaahidi zitanunua kwetu. Halafu yakaja mabelo kutoka huko mbali, sare zimeshashonwa, bei yake haifikii hata ya uzi wetu. Shule zikanunua mabelo. Sisi tukabaki na magauni mpaka darini."

"Si mngeyagawa? Watoto wanatembea wamejishika mbavu."

"Nikiyagawa, kitambaa kimekwisha. Kitambaa kikiisha, kazi imekwisha. Mtakuja hapa kukaa mbele ya cherehani mkitazamana?"

"Ungenunua kingine."

"Niliomba. Wafadhili wakaniuliza, ukinunua kitambaa ajira zitaongezeka ngapi? Nikasema hakuna, ni watu wale wale. Wakasema basi hicho si kipaumbele. Pesa zao ni za kuajiri watu, si za kununua nguo. Swali lao ni moja tu, watu wangapi wana kazi. Hawajawahi kuniuliza magauni yako wapi."

"Ukaajiri watu wa kufumua."

"Na waliokuwa na kazi wakawa mara mbili. Walinipongeza." Alisema hivyo bila kutabasamu. "Ninyi mkishona, hawa wanapata kazi. Hawa wakifumua, ninyi mnapata kazi. Nimelala macho miezi nikitafuta njia nyingine. Kama unayo, nipe."

Bi Mkasi hakuwa nayo. Hata mimi ninayeandika sina, na nimetumia wino mwingi.

"Leo wanakuja kuamua kama mradi uendelee au ufungwe," Bwana Mipango akaendelea, sauti imeshuka. "Wameomba mfanyakazi mmoja atoe shukrani. Mwanamke, ana familia, anajua kuongea. Nilishakuchagua wewe kabla hujaufungua mlango huu. Utasema mradi umekubadilishia maisha. Utakuwa umedanganya?"

Akafikiri. Kodi ya chumba inalipwa kwa mshahara ule. Sufuria inakaa jikoni kwa mshahara ule. Mumewe, aliyekuwa ameshaanza kulala mchana akitazama ukuta kwa kukosa kazi, sasa anaamka. Hapakuwa na uongo hata kidogo, na hapo ndipo palipomuuma.

"Nikikataa?"

"Sitakufukuza. Mradi utajifunga wenyewe. Wewe utakwenda nyumbani, mumeo atakwenda nyumbani, na hawa wote, na wale wote wa cherehani. Mtamwaga unga siku moja. Mtapata muda wa kutosha kuambiana ukweli."

Yule mwanamke wa kidole gumba akasema bila kuinua macho, "Dada, mimi nina mama yangu kitandani hajigeuzi. Nitafumua mpaka nizikwe, sijali. Usitumwagie unga."

Bi Mkasi akamgeukia mumewe. "Na wewe?"

"Sema wanachotaka," mumewe akajibu. "Jioni utanigombeza mpaka upate usingizi. Nitakaa nisikilize."



"Nitasema," akasema Bi Mkasi. Akatoka, mkasi ukigongagonga kifuani.

Lakini tusimfuate bado. Tubaki humu ndani, maana kuna jambo hakuambiwa, na hakuna aliyekumbuka kumwambia.

Kufumua kuna hatua mbili. Asubuhi wanapitisha wembe kwenye mishono ya mabega, kwapa na ubavu, wanakata uzi hapa, wanaruka, wanakata pale. Gauni haliachii. Ukilitazama limesimama imara, unaweza hata kulivaa ukasimama. Wenyewe wanaita kuchanja. Mifuko wanaiacha mwisho, hasa yenye pembetatu, kwa sababu ndiyo inayokula vidole. Mchana ndipo wanashika ncha ya uzi na kuvuta, na mshono wote unaachia kama haukuwahi kuwepo. Sasa, ili gauni lililochanjwa lisichanganyike na zima, yaliyochanjwa wanayageuzia ukosi ukutani. Mazima, ukosi unatazama nje.

Rundo la kwenye benchi lilikuwa limeshachanjwa lote. Na Bi Mkasi, kwa unadhifu wake, alikuwa ameligeuza lote.

Bwana Mipango aliwakusanya wafumuaji wote mwisho wa chumba, migongo kwa mlango, awape onyo la siku: atakayekohoa wageni wakiwa uani asirudi kesho. Wakati anaonya, mlinzi akachungulia. Alitumwa magauni mazima ya kuwavisha watoto wa kwaya. Aliijua alama ya ukosi, kila mtu mle ndani anaijua. Akatazama benchi, akaona ukosi unatazama nje, akabeba rundo lote begani, akaenda zake anapiga mluzi.

Kisha Bwana Mipango akatoka, akafunga mlango kwa kufuli.

Uani palikuwa pametandazwa turubai, viti vya plastiki vimepangwa, na kipaza sauti kinachopiga kelele kabla hakijaguswa. Wageni wakaketi. Kiongozi mmoja wa serikali akahutubia juu ya vita dhidi ya umaskini. Vita hivyo nimevisikia tangu nikiwa na meno ya utotoni, na sijawahi kusikia umaskini umepoteza hata askari mmoja. Tulipiga makofi.

Bi Mkasi alisimama pembeni ya jukwaa akirudia moyoni maneno aliyofundishwa. Kando yake alisimama shoga yake wa cherehani ya jirani, mjane, mtu wa maneno mengi.

"Ulipotelea wapi asubuhi?" shoga akamnong'oneza. "Tumbo?"

"Tumbo."

"Basi likaze. Yule mgeni mwanamke mwenye miwani ndiye anayeamua. Mwenzio nimeshanunua bati mbili za chumba changu, nataka na ya tatu." Kisha akamgusa kiwiko. "He. Si mwanao yule?"

Kwaya ya shule ilikuwa inaingia. Mbele kabisa, kwa sababu alikuwa mfupi, alikuwa binti wa Bi Mkasi.

Asubuhi mtoto alitoka nyumbani na gauni la viraka, amejibana mbavu. Sasa alikuwa ndani ya gauni lililopigwa pasi likatoa mstari, kitambaa kinameta. Alitembea kama mtu anayeogopa kumwaga maji. Akatia mikono mifukoni, vidole vikapapasa kona, vikasimama hapo. Akainua uso, akamtafuta mama yake kati ya watu wote, akampata.

"Ni wewe," akasema kwa midomo, bila sauti.

Aliitambua pembetatu. Gauni lake la viraka nalo lina pembetatu mfukoni.

Bi Mkasi akajaribu kutabasamu. Katika mwaka mzima wa kazi, hili lilikuwa gauni lake la kwanza kuliona likiwa na mtoto ndani. Alitamani siku iishie hapo hapo. Kama ningekuwa na huruma ningeweka nukta hapa, tukalale.

Bwana Mipango akapita nyuma yake. "Umependezwa, eh? Tumemchagua makusudi," akanong'ona. "Yatakusanywa baada ya wimbo. Nenda kwenye kipaza sauti."

Yatakusanywa. Akapanda jukwaani na neno hilo kooni.

"Waheshimiwa wageni," akaanza. "Mimi ni fundi cherehani, na ni mama. Kabla ya mradi huu nyumba yetu ilikuwa na watu wazima wawili wasio na kazi."

Mgeni mwenye miwani akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mama mtu mzima, uso wa upole, ameshika mkoba mapajani kama mtu yuko kanisani.

"Leo wote wawili tunafanya kazi. Kazi ya mikono. Tunachoka, lakini tunalala tukiwa..."

Hapo akaliona dirisha.

Wageni walikuwa wamekaa wakilipa dirisha hilo mgongo. Ni dirisha la nondo, la chumba kile kile nyuma ya choo. Na kwenye nondo alikuwa mumewe, uso umemtoka rangi, anapunga mkono kama mtu anayesimamisha gari lisilo na breki.

Alipoona mkewe amemwona, akainua gauni moja juu. Akalipitishia wembe ubavuni, tiki tiki tiki, haraka haraka. Akalitikisa ili aone bado ni zima. Kisha akashika ncha ya uzi, akavuta. Gauni likaachia vipande viwili mbele ya macho yake, kimoja kikamwangukia begani. Mumewe akanyoosha kidole kupitia nondo. Kidole kile kilichofungwa kitambaa kikaelekea kwa watoto.

Bi Mkasi akalikumbuka benchi. Akazikumbuka kosi alizozigeuza kwa mikono yake mwenyewe, moja baada ya nyingine.

Akarudi hatua moja nyuma kutoka kwenye kipaza sauti.

"Mama amezidiwa na furaha," Bwana Mipango akasema kutoka chini, akicheka peke yake. "Mwalimu, tuletee wimbo. Atamalizia baadaye."

Mwalimu wa kwaya akainua fimbo yake. Watoto wakaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa kazi, uliotungwa kwa ajili ya siku hiyo, beti mbili na kiitikio. Bi Mkasi aliujua, binti yake ameuimba nyumbani wiki nzima hadi jirani akagonga ukuta. Aliijua na staili yake. Kwenye kiitikio, kila wakitamka neno "kazi", watoto wote wananyanyua mikono miwili juu kabisa, kwa nguvu, na kuruka.

Wakamaliza ubeti wa kwanza. Mbele ya umati, mbele ya wavulana wa darasa lake, mbele ya wapiga picha, binti alikuwa anaimba kifua mbele. Hakuwa amebana mbavu. Kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze, mikono yake ilikuwa huru.

Msomaji, wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka. Upande mmoja kuna kodi, sufuria, mume anayeamka asubuhi, mama wa watu asiyejigeuza kitandani, bati ya tatu ya shoga. Upande mwingine kuna mtoto wa darasa la tano atakayebaki na nguo ya ndani mbele ya dunia nzima, na atakumbuka mpaka uzeeni kwamba gauni lililomvua nguo lilishonwa na mama yake na kuchanjwa na baba yake. Bi Mkasi hakuwa na muda wa kupima kama mimi na wewe. Kiitikio kilikuwa kimeshafika midomoni mwa watoto.

Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Wanangu," akasema, "msinyanyue mikono."

Sauti ikaenda mpaka barabarani. Wimbo ukakatika kipande kipande, huku waliosikia wakinyamaza, kule wasiosikia wakiendelea, mwisho wote kimya. Mikono iliyokuwa imeanza kupanda ikasimama hewani.

"Ishusheni. Polepole. Simameni hivyo hivyo, mtu asiruke."

Na binti yake, ambaye hakuelezwa sababu, hakuhitaji sababu. Mara moja mikono yake ikashuka, ikabana mbavu, viwiko ndani, viganja tumboni. Alisimama vile alivyozoea kusimama. Uso uliokuwa unang'aa ukarudi kuwa ule wa kila siku, na Bi Mkasi akaona jinsi ulivyorudi upesi, kana kwamba mtoto hakuwa ameamini tangu mwanzo.

Bwana Mipango alikuwa amepanda ngazi moja ya jukwaa, akakwama hapo. Shoga alikuwa amejiziba mdomo. Kwenye nondo, mumewe alikuwa ameegemeza paji la uso na kufumba macho.

Mgeni mwenye miwani akasimama. Akaweka mkoba wake juu ya kiti.

"Kwa nini wasinyanyue, mama?" akauliza kwa upole. "Walikuwa wanapendeza."

Bi Mkasi akafungua mdomo. 

Mgeni hakusubiri. Akawaendea watoto, akawapita waliokuwa pembeni, akaja kuinama mbele ya mdogo kuliko wote. "Hujambo, binti? Umeogopa?"

"Sijaogopa. Shikamoo."

"Marahaba. Gauni lako zuri sana. Unajua nani amelishona?"

"Mama yangu," binti akajibu, na kwa fahari akasahau, akaachia mkono mmoja kumwonyesha mama yake jukwaani.

Pale kwapani, ulipoinuka ule mkono, uzi mweupe ukachomoza na kuning'inia, mrefu kama kidole. Mgeni akauona. Akatabasamu, tabasamu la mama yeyote anayemtoa mtoto uchafu kwenye nguo, akaukamata uzi ule kwa vidole viwili, akavuta.